Jaji Amelindwa na Katiba. Karani Amelindwa na Nani?

Hii ni hotuba iliyotolewa na wakili mmoja wa Mahakama Kuu mbele ya mkutano wa wanaharakati wa mageuzi na waumini wa makanisa. Tunaichapisha kamili kwa manufaa ya wasomaji wetu ambao hawakuweza kuhudhuria.



Wengi wenu mlitarajia kwamba wakili akisimama hapa atazungumza juu ya uteuzi wa majaji, au mvutano baina ya Mahakama na Serikali, au kesi za uchaguzi. Hayo ni mambo makubwa na yana wasemaji wake. Leo nimeomba ruhusa niwasemee watu ambao majina yao hayatangazwi magazetini: makarani wa mahakama, wakalimani, wapiga chapa, matarishi, watunzaji wa masijala, wapeleka hati na madereva. Swali langu ni hili: mtu wa namna hiyo akiisha kuitumikia haki kwa miaka 30, je, haki nayo humtumikia vipi siku anapozeeka?

Nitatangulia kutoa jibu langu ili msipate taabu ya kulitafuta. Malipo ya uzeeni ya mtumishi wa mahakama si sadaka, wala si zawadi ya Serikali kwa mtumishi mtiifu. Ni ujira wake ambao malipo yake yamewekwa mbele. Tena ni sehemu ya uhuru wa mahakama wenyewe. Anayepigania uhuru wa jaji huku akimsahau karani amejenga nyumba yenye mlango wa chuma mbele na mlango wa makuti nyuma.

MAHAKAMA SI JAJI PEKE YAKE

Fikirini safari ya mwananchi wa kawaida anayetafuta haki. Mama mjane ananyang'anywa shamba na shemeji zake. Anapofika mahakamani, mtu wa kwanza kukutana naye si jaji. Ni karani aliye nyuma ya dirisha la masijala. Karani ndiye anayepokea hati zake, anayepiga mhuri, anayeipa kesi nambari na kufungua faili. Karani ndiye anayemwambia tarehe ya kusikizwa. Siku ikifika, karani ndiye anayeliita jina lake, anayemwapisha shahidi, na anayempelekea hakimu faili mezani. Faili lisipopatikana, hakimu hana la kufanya ila kuahirisha. Mwenye kulishika faili ameishika haki ya mtu mkononi.

Halafu kuna kazi ya ukalimani, ambayo katika mahakama zetu nyingi hufanywa na karani huyo huyo. Lugha ya Mahakama Kuu kisheria ni Kiingereza. Katika mahakama za chini ni Kiingereza na Kiswahili. Lakini mshtakiwa huja na lugha aliyonyonya kwa mama yake: Kiturkana, Kipokot, Kisomali, Kigiriama, Kiborana. Katiba, katika kifungu cha 50, inampa haki ya kupata mkalimani bila malipo. Sasa mtu huyo akisema kwa lugha yake, "Nilimpiga aliponikaba koo," na mkalimani aliyechoka akatafsiri nusu tu, "Nilimpiga," basi utetezi umegeuka kuwa ungamo, na mtu ameingia gerezani kwa sababu ya maneno mawili yaliyoachwa njiani.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka miaka ya 1986 na 1987, wakati washukiwa wa Mwakenya walipofikishwa mahakamani Nairobi jioni, baada ya saa za kazi, bila mawakili, wakakiri makosa na kuhukumiwa. Tumezoea kuwakumbuka waendesha mashtaka na mahakimu wa kesi hizo. Lakini kesi haiendi bila faili, na faili haliendi bila karani. Jiulizeni: ni mtumishi gani wa ngazi ya chini, mwenye watoto shuleni na malipo ya uzeeni yanayoweza kufutwa kwa wino wa kalamu moja, ambaye angethubutu kusema, "Mheshimiwa, masijala imefungwa, kesi hii na ingoje asubuhi"? Silisemi hili kwa kumlaumu yeyote wala kumtakasa. Nalisema ili tuone kwamba hofu ya mtumishi mdogo ni ufunguo, na mwenye nguvu anajua kuutumia.

TULICHOMPIGANIA JAJI

Mwaka 1988 Katiba ya wakati ule ilirekebishwa, na majaji wakaondolewa ulinzi wa kazi yao. Viongozi wa makanisa na mawakili wakapaza sauti. Walisema jambo lililo rahisi kulielewa: jaji anayeweza kufukuzwa wakati wowote hawezi kumhukumu aliyemwajiri. Mwaka 1990 ulinzi huo ukarudishwa. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi siku hizo, lakini nimesoma na kuambiwa gharama waliyolipa waliosimama kidete.

Katiba ya 2010 ikafunga jambo hilo kwa kufuli. Kifungu cha 160 kinasema kwamba mshahara na marupurupu ya jaji hulipwa moja kwa moja kutoka Hazina Kuu ya Taifa, na kwamba hayatapunguzwa kwa kumdhuru. Kinaendelea kusema kwamba hata baada ya kustaafu, malipo yake ya uzeeni hayatapunguzwa maadamu yu hai. Kifungu cha 167 kinamruhusu kukaa kazini mpaka afikishe miaka 70, au kustaafu kwa hiari baada ya miaka 65. Mimi ni wakili, na nayaunga mkono hayo yote. Jaji mwenye wasiwasi juu ya chakula cha uzeeni si jaji huru.

Lakini hoja tuliyoitumia kumlinda jaji, je, haimfai karani? Ikiwa njaa ya kesho inaweza kuyumbisha kalamu ya mwenye joho na wigi, haiwezi kuyumbisha mkono wa mwenye kofia ya tarishi?

SHERIA INAVYOMTAZAMA KARANI

Watumishi wa mahakama walioajiriwa miaka ya 1980 na 1990 kwa masharti ya kudumu wamekuwa chini ya Sheria ya Malipo ya Uzeeni, Sura ya 189 ya Sheria za Kenya. Sheria hii ni ya urithi wa ukoloni, na sauti ya mkoloni bado inasikika ndani yake. Kifungu chake cha 5 kinatamka kwamba hakuna mtumishi mwenye haki kamili ya kudai malipo ya uzeeni kwa ajili ya kazi aliyoifanya, na kwamba Serikali inabaki na uwezo wa kumwachisha kazi bila fidia. Kinaendelea kusema kwamba mtumishi akionekana kuwa na hatia ya uzembe au mwenendo mbaya, malipo hayo yanaweza kupunguzwa au kuzuiwa kabisa.

Yatafakarini maneno hayo. Mtu mmoja, jengo moja, kazi moja. Yule aketiye juu ya jukwaa, Katiba inasema malipo yake ya uzeeni hayaguswi. Yule aketiye chini yake akiandika, sheria inamwambia hana haki kamili ya kudai chochote. Wa kwanza amepewa hati ya kumiliki. Wa pili amepewa ahadi. Na wahenga walisema ahadi ni deni, lakini sheria hii imefanya deni kuwa hisani.

Tuzifanye hesabu, maana haki isiyohesabiwa ni rahisi kuibwa. Sheria hii humpa malipo ya uzeeni mtumishi aliyefanya kazi kwa miaka isiyopungua 10. Kwa kila mwezi mzima wa utumishi wake, hupewa sehemu moja katika sehemu 480 za mshahara wake wa msingi wa mwaka. Tuchukue mfano wa karani aliyetumika miaka 30, yaani miezi 360, na anayeondoka akiwa na mshahara wa msingi wa shilingi 40,000 kwa mwezi, ambao ni shilingi 480,000 kwa mwaka. Ukigawanya 480,000 kwa 480, utapata 1,000. Zidisha kwa miezi 360, na malipo yake ya mwaka yatakuwa shilingi 360,000. Akichagua kuchukua robo kwa mkupuo mmoja, robo hiyo, yaani shilingi 90,000, huzidishwa mara 20, naye hupewa kiinua mgongo cha shilingi 1,800,000. Robo tatu zinazobaki humpa shilingi 22,500 kila mwezi.

Kumbukeni kwamba marupurupu ya nyumba na ya usafiri hayamo katika hesabu hiyo. Karani aliyekuwa akipanga nyumba mjini atabaki na shilingi 22,500 za kodi, dawa, chakula na karo ya mtoto wa mwisho. Si nyingi, lakini ni zake, na mtu anaweza kuipanga dunia yake kwa fedha anazozijua. Taabu kubwa huja pale fedha hizo zisipofika.

MTUNZA MAFAILI ASIYE NA FAILI

Mtumishi wa mahakama huhamishwa mara nyingi. Huanza Lodwar, akapelekwa Kisii, akaenda Malindi, akamalizia Nyeri. Kila kituo kina jalada lake na kila mkuu wa kituo ana desturi zake. Siku ya kustaafu ikikaribia, mahakama hukusanya hati zake: barua ya kuajiriwa, barua ya kuthibitishwa kazini, barua za kupandishwa cheo, kumbukumbu za likizo isiyo na mshahara, na cheti cha kuonyesha kwamba hadaiwi na Serikali. Hati hizo hupelekwa katika Idara ya Malipo ya Uzeeni ya Hazina ya Taifa, jijini Nairobi. Barua moja ikikosekana, bahasha nzima hurudishwa. Inarudi kituoni, inangoja mtu wa kuitafuta barua ya mwaka 1991 katika chumba chenye vumbi na panya, na mzee anangoja nyumbani.

Hapa pana kichekesho kinacholiza. Mtu aliyetunza mafaili ya wengine kwa miaka 30, aliyejua kila kesi ilipo kwa nambari, ananyimwa haki yake kwa sababu faili lake mwenyewe halionekani. Naye ndiye aliyekuwa akiambiwa na mahakimu kwamba faili likipotea, haki imepotea.

Turudi kwenye mfano wetu. Tuseme malipo ya karani yule yamechelewa miezi 18. Malipo ya kila mwezi ambayo hajayapata ni shilingi 405,000. Ongeza kiinua mgongo chake cha shilingi 1,800,000, na jumla ni shilingi 2,205,000. Huo ni mkopo ambao mzee ameikopesha Serikali bila kuulizwa, bila riba, na bila tarehe ya kulipwa. Wakati huo yeye mwenyewe anakopa kwa majirani na kwa wenye riba ya kukaba koo. Katika Kumbukumbu la Torati tumefundishwa kumlipa mtu wa kazi ujira wake kabla ya jua kuchwa, kwa kuwa ni maskini na roho yake inautazamia. Jua la mzee huyu limekuchwa zaidi ya mara mia tano.

Na msidhani kwamba kushinda kesi kunatosha. Walimu waliostaafu baada ya makubaliano ya mishahara ya mwaka 1997 walidai malipo yao yahesabiwe kwa mishahara mipya. Mahakama Kuu ya Nakuru iliwapa haki mwaka 2008. Miaka mingi baadaye walikuwa bado wakienda ofisi hadi ofisi wakiwa na hukumu mkononi, na wengi walizikwa kabla ya kuona senti. Basi mwalimu aliye na chama chenye nguvu akisumbuka hivyo, karani asiye na msemaji atafika wapi?

FIMBO INAYOITWA MALIPO YA UZEENI

Mwaka 2003, baada ya mabadiliko ya utawala, Serikali mpya iliazimia kuisafisha Mahakama. Kamati ya Jaji Aaron Ringera ikawataja majaji 23 na mahakimu 82 kwa tuhuma za ufisadi na mwenendo mbaya. Majina ya majaji yakachapishwa, nao wakaambiwa wachague: wajiuzulu wakiwa na marupurupu yao, au wakabiliane na jopo la uchunguzi. Wengi waliondoka. Jaji Philip Waki alichagua jopo, akaondolewa lawama mwaka 2004, na mwaka 2008 akaongoza tume iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi.

Sitaki leo kufufua ubishi kuhusu nani alistahili kuondoka. Nataka mwone jinsi malipo ya uzeeni yalivyotumika kama fimbo kwa mkono mmoja na chambo kwa mkono wa pili. Kama jaji, mwenye elimu na marafiki mawakili, alitikiswa na chaguo la namna ile, karani atakayeambiwa "andika barua ya kujiuzulu leo au upoteze miaka yako 28" atajibu nini? Atatia sahihi, hata kama hana hatia. Na yule mwenye hatia naye atatia sahihi, na ukweli hautajulikana kamwe.

Katiba ya sasa inasema, katika kifungu cha 236, kwamba mtumishi wa umma hatafukuzwa wala kuadhibiwa bila kufuata utaratibu wa sheria. Kifungu cha 172 kimeipa Tume ya Huduma za Mahakama jukumu la kuwaajiri na kuwaadhibu watumishi wa mahakama, si majaji na mahakimu peke yao. Hayo ni maendeleo. Lakini adhabu ya kumnyang'anya mtu malipo ya maisha yake yote inapita kiasi. Aliyeiba na ashtakiwe, na alipe alichoiba. Lakini miezi 336 aliyoifanyia kazi haikuibwa. Aliifanya.

WALIOSAHAULIKA KULIKO WALIOSAHAULIKA

Kuna makundi mawili ambayo hali yao ni mbaya zaidi.

La kwanza ni la wajane na yatima. Mstaafu akifariki, sheria huwapa wategemezi wake malipo yake kwa miaka 5 tu. Kuna mpango mwingine wa malipo kwa wajane na watoto, kwa wale waliokatwa asilimia 2 ya mishahara yao. Lakini ni wajane wangapi wanaojua kama marehemu alikatwa? Mama wa watu hajui hata ofisi iliko. Anachojua ni kwamba kila mwezi pesa zilikuwa zikija, na mwezi mmoja hazikuja.

La pili ni la vibarua wa muda mrefu: wafagizi, walinzi, wasaidizi wa masijala ambao huitwa "wa muda" mwaka hata mwaka, mpaka nywele zinageuka mvi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, au aliyepewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kumalizika kabla ya miezi mitatu, hawezi tena kuhesabiwa kuwa kibarua wa siku. Sheria imesema hayo, lakini anayeijua ni nani? Kibarua asiye katika orodha ya malipo ya uzeeni humtegemea NSSF pekee. Kwa miaka mingi mchango wa juu ulikuwa shilingi 200 za mfanyakazi na 200 za mwajiri kwa mwezi. Ukichanga hivyo miaka 20, jumla ni shilingi 96,000 kabla ya faida. Ndiyo fedha ya uzee wa mtu mzima.

HOJA ZA WAPINZANI WETU

Wako watakaosema, "Makarani hao hao ndio wanaoficha mafaili mpaka wapewe chai." Sitakana. Kamati ya Jaji Richard Kwach ilieleza juu ya ufisadi mahakamani mwaka 1998, na hakuna wakili anayeweza kusema kwamba hajawahi kuuona. Lakini tujiulize hongo huota wapi. Huota palipo na mamlaka makubwa, mshahara mdogo na kesho isiyojulikana. Mtu asiye na hakika ya uzee wake hujitafutia uzee wake mwenyewe, shilingi mia kwa mia, dirishani kwa masijala. Karani mwenye hakika ana kitu cha kupoteza na sababu ya kukilinda. Kumhakikishia malipo yake si kumpa tuzo mwizi. Ni kumnyima mwizi kisingizio na kumpa mwaminifu nguvu ya kusema hapana.

Wako pia watakaosema, "Serikali haina fedha." Fedha hizi si ombi jipya. Zilijulikana tangu siku mtu alipoajiriwa. Siku yake ya kustaafu imeandikwa katika cheti chake cha kuzaliwa. Umri wa kustaafu ulipopandishwa kutoka miaka 55 hadi 60 mwaka 2009, Serikali ilipata nafasi ya miaka mitano ya kujiandaa. Tangu Januari 2021 kumeanza mpango mpya wa kuchangia kwa watumishi wa umma, ambapo mfanyakazi alianza kwa kukatwa asilimia 2 mpaka kufikia asilimia 7.5, na Serikali hutakiwa kuongeza asilimia 15. Ni jambo jema, mradi Serikali iweke sehemu yake kwa wakati. Lakini mpango wa vijana haufuti deni la wazee.

TUNATAKA NINI

Napendekeza mambo matano, na naomba mkutano huu uyachukue kuwa yake.

Kwanza, kila mtumishi wa mahakama akaguliwe faili lake miaka mitano kabla ya kustaafu, na apewe nakala iliyothibitishwa kwa mhuri. Kuanzia mwaka 2020 kesi zilianza kusajiliwa kwa kompyuta Nairobi, na mwaka 2024 mpango huo ukaenezwa katika mahakama zote nchini. Ikiwa kesi ya mwananchi inaweza kusajiliwa bila karatasi, hakuna sababu ya maisha ya karani kutegemea karatasi moja isiyo na nakala.

Pili, mwezi unaofuata mshahara wa mwisho uwe mwezi wa malipo ya kwanza ya uzeeni. Serikali ikichelewa, ilipe riba, kama inavyowatoza wananchi wanaochelewesha kodi.

Tatu, Bunge lifute maneno ya kifungu cha 5 yanayomnyima mtumishi haki kamili. Malipo yaliyokwisha kufanyiwa kazi yawe mali ya mwenyewe. Kama kuna hasara aliyoisababisha, ithibitishwe mbele ya mahakama na akatwe kiasi hicho, wala si zaidi.

Nne, vibarua wa muda mrefu waandikwe rasmi, na miaka yao ya nyuma ihesabiwe.

Tano, mjane apewe maelezo ya maandishi mara tu mumewe anapofariki: anastahili nini, kwa muda gani, na aende ofisi gani. Vivyo hivyo kwa mwanamume aliyefiwa na mke mtumishi.

Msingi wa madai haya tayari upo. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii. Kifungu cha 57 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya jamaa na ya Serikali. Kifungu cha 47 kinataka ofisi za umma zitende kwa haraka na kwa haki. Hatuombi jambo geni. Tunaomba Katiba ishuke kutoka ghorofani ifike kwenye masijala.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Nawageukia sasa ndugu zangu wa makanisa. Katika kila parokia na kila usharika wako wazee waliostaafu, na baadhi yao hukaa kiti cha nyuma wakiona haya kwa sababu hawana sadaka. Watafuteni. Chagueni vijana wawili wanaojua kuandika barua. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma imjibu mwananchi ndani ya siku 21. Basi mzee aandike: faili langu liko wapi, linakosa hati gani, litalipwa lini? Asipojibiwa, apeleke malalamiko kwa tume ambayo wengi tunaiita Ombudsman. Anayenyimwa malipo adai sababu kwa maandishi, kwa kuwa Sheria ya Utendaji wa Haki katika Utawala ya mwaka 2015 inampa haki hiyo. Barua, nakala, tarehe, mhuri: hizo ndizo silaha za mtu mnyonge, na karani wa zamani anajua kuzitumia kuliko sisi sote.

Kwa mawakili wenzangu nina neno moja. Makarani hawa wametufungulia mafaili, wametupangia tarehe, wametuokoa tulipochelewa. Haifai tuwajue tukiwa na kesi na kuwasahau wakiwa na shida. Kila mmoja wetu achukue faili moja la mstaafu kila mwaka bila malipo. Hatutafilisika.

Na kwenu wanaharakati: msidhani kwamba jambo hili ni dogo kwa sababu wahusika ni wadogo. Tulipodai vyama vingi, na kifungu cha 2A kikaondolewa mwaka 1991, tulisema kwamba hakuna mtu anayepaswa kuishi kwa hisani ya mwenye madaraka. Mtumishi ambaye uzee wake uko mfukoni mwa mwingine anaishi kwa hisani hiyo hadi leo. Mtume Yakobo, katika waraka wake, aliwaonya matajiri kwamba ujira waliouzuia kwa wavunaji unapiga kelele, na kilio hicho kimefika kwa Mungu. Sisi tulio karibu zaidi hatuwezi kusema kwamba hatujasikia.

Bwana Mwenyekiti, naomba kuwa azimio juu ya mambo haya matano liandikwe leo, litiwe sahihi, na lipelekwe kwa Tume ya Huduma za Mahakama, kwa Hazina ya Taifa na kwa Bunge, na kwamba tukutane tena baada ya siku 21 kuuliza limejibiwa nini.